Mwamba, Udongo na Daftari



Nimeombwa nizungumzie sayansi ya kuhifadhi taka za mionzi. Niseme mapema ninakoelekea, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Taka ambazo dunia inaziogopa kuliko zote, yaani fueli iliyotumika katika vinu vya umeme wa nyuklia, sasa zimeandaliwa kaburi lililobuniwa kwa makini sana, na mimi nina imani nalo. Lakini taka zilizoingia majumbani mwa watu na kuwaua zilikuwa ndogo, za kuenea kiganjani. Zilitoka hospitalini na viwandani, na za aina hiyo tunazo hapa Afrika Mashariki leo hii. Kwa hiyo nitakaa kwa muda chini ya ardhi ya Finland, kisha nitarudi nyumbani kuuliza ni nani anayeshika daftari.

Tuanze na atomu yenyewe. Atomu yenye mionzi ina kiini kisichotulia. Saa yoyote kinaweza kurusha chembe au miale na kugeuka kuwa kitu kingine. Hakuna ajuaye ni atomu ipi itafuata, lakini zikiwa mabilioni kwa mabilioni unaweza kusema kwa uhakika nusu yake zitageuka baada ya muda gani. Muda huo tunauita nusu-uhai. Iodini-131, inayotumika kutibu tezi ya shingoni, nusu-uhai wake ni siku 8. Iridiamu-192, ambayo mafundi huitumia kupiga picha viungo vya mabomba vilivyochomelewa, ni siku 74. Kobalti-60 ni miaka 5 na miezi kadhaa. Sesiamu-137 ni miaka 30. Plutoniamu-239 ni miaka 24,100. Ukizichoma moto, mionzi hutoka na moshi. Ukiziyeyusha kwa tindikali, mionzi huhamia kwenye tindikali. Wapo wanaotafiti namna ya kuzigeuza kwa kuzipiga nyutroni, na kazi hiyo ni ya maana, lakini kwa sasa si njia ambayo nchi yoyote inaweza kuitegemea. Zilizobaki ni mbili tu: kusubiri, au kuziweka mahali ambapo haziwezi kumfikia mtu.

Naomba tupige hesabu moja pamoja. Chukua kobalti-60 ya mashine ya kutibu saratani, tuseme ilikuwa na nguvu ya terabekereli 200 ilipofika hospitalini ikiwa mpya. Baada ya miaka 5 na robo inabaki 100, na daktari anaanza kulalamika kwamba mgonjwa analala chini ya mashine muda mrefu kupita kiasi. Ikibadilishwa na kuwekwa stoo, baada ya nusu-uhai kumi, yaani miaka 53 hivi, inabaki sehemu moja kati ya 1,024. Mtu wa kawaida akisikia hivyo hupumua. Asipumue. Hiyo sehemu moja ya elfu bado ni terabekereli 0.2, na mtu akikishika mkononi kipande hicho bila kinga anaweza kuumia vibaya. Inahitajika miaka mingine 50 hivi ndipo uanze kuiona kama kitu cha kawaida. Karne nzima, basi, kwa kitu ambacho wataalamu hukiweka katika kundi la taka za muda mfupi.

Kwa sesiamu, nusu-uhai kumi ni miaka 300. Ndiyo maana Wafaransa, walipofunga ghala lao la taka za kiwango cha chini la La Manche mwaka 1994, walipanga kulisimamia kwa muda unaofikia miaka 300. Kulinda eneo kwa miaka 300 ni kazi nzito, lakini binadamu amewahi kuifanya. Ngome Kongwe ya Zanzibar imepita umri huo na bado tunaitunza. Fueli iliyotumika ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ina plutoniamu na wenzake wanaodumu makumi na mamia ya maelfu ya miaka. Hakuna dola, hakuna dini wala lugha iliyowahi kudumu hivyo. Hapo mwanasayansi analazimika kuacha kumtegemea mlinzi, na kuanza kuutegemea mwamba.

Sasa twendeni Finland. Magharibi ya nchi hiyo, kwenye kisiwa cha Olkiluoto katika manispaa ya Eurajoki, kampuni ya Posiva imechimba mahandaki yanayoitwa Onkalo. Uchimbaji ulianza mwaka 2004. Barabara ya chini kwa chini inateremka hadi zaidi ya mita 400 kutoka juu, ndani ya mwamba wa kale wenye umri unaokaribia miaka bilioni 1.9. Mwamba huo ulikwishapoa na kutulia kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja. Maji yaliyomo kwenye nyufa zake huko chini ni ya chumvi, hayana oksijeni, na yanatembea polepole mno. Zingatieni habari ya oksijeni, maana nitairudia.

Fueli iliyotumika hutolewa kwenye kinu ikiwa moto mkali, si kwa sababu inaungua bali kwa sababu viini visivyotulia vinaendelea kugeuka na kurusha nishati. Hukaa ndani ya madimbwi ya maji kwa miongo kadhaa ipoe. Baada ya hapo fito zake huingizwa katika kiini cha chuma cha kusubu, kinachobeba uzito na mgandamizo, na chuma hicho huvishwa mtungi wa shaba wenye unene wa sentimita 5 hivi. Mfuniko huchomelewa na kila kiungo kukaguliwa. Mtungi mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko nguzo mbili za mlango zikisimamishwa moja juu ya nyingine. Unateremshwa kwenye shimo lililochimbwa katika sakafu ya handaki, na pembeni yake pote hujazwa udongo uitwao bentonaiti. Handaki likijaa, nalo hufukiwa kwa udongo na kuzibwa kwa zege.

Kwa nini shaba? Kwa sababu mahali pasipo oksijeni shaba haina haraka ya kuoza. Wataalamu walipotaka ushahidi wa muda mrefu kuliko umri wa maabara zao, walikwenda kuuchunguza mzinga wa meli ya kivita ya Sweden iitwayo Kronan, iliyozama katika bahari ya Baltiki mwaka 1676. Mzinga huo, wa shaba iliyochanganywa na bati, ulikuwa umezama kwenye tope la udongo chini ya bahari, na baada ya miaka mia tatu ulikuwa umeliwa kidogo sana. Adui mkubwa aliyebaki ni salfaidi, ambayo bakteria wa chini ya ardhi wanaweza kuitengeneza, na ndiyo sababu udongo unaouzunguka mtungi una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Udongo huo mnaujua. Nenda Shinyanga wakati wa masika, au nenda Mwea baada ya mvua, ukanyage ule udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi umepasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe, mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinajifunga, gari linanata na maji yanatuama juu kwa siku nyingi bila kuzama. Madini yanayoufanya uvimbe hivyo ni ya ukoo mmoja na yale yaliyomo ndani ya bentonaiti. Kule Onkalo bentonaiti inashindiliwa ikiwa kavu kuuzunguka mtungi. Maji ya mwamba yakiifikia, inavimba, na kwa kuwa imebanwa na jiwe pande zote haina pa kwenda, inakuwa kizuizi kigumu ambacho maji hayawezi kupita kwa kutiririka. Kinachoweza kupita hupenya chembe kwa chembe, kwa mwendo wa kinyonga. Bakteria hawapati nafasi ya kustawi humo. Mwamba ukitikisika kidogo, udongo unanyumbuka na kuulinda mtungi. Na ikitokea mtungi mmoja umetoboka, atomu nyingi, sesiamu ikiwemo, zinanaswa kwenye nyuso za madini ya udongo na kuchelewa humo hadi nguvu zake zimekwisha. Sharti mojawapo ni kwamba udongo usipashwe moto kufikia nyuzi 100, na ndiyo maana fueli inapoozwa kwa miongo kabla ya kuzikwa.

Sitaki muondoke hapa mkidhani kila mwanasayansi amekubali. Watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Stockholm walidai kwamba shaba inaweza kuliwa hata na maji safi yasiyo na oksijeni. Wengine walirudia majaribio yao na kubisha. Mabishano hayo yalifika mahakamani, na Januari 2018 mahakama ya mazingira ya Sweden ikaiambia serikali isitoe kibali cha kaburi la nchi hiyo huko Forsmark mpaka mashaka ya shaba yajibiwe. Ushahidi zaidi ukaletwa, na serikali ikatoa kibali Januari 2022. Mimi nauona ucheleweshaji ule kuwa sehemu ya usalama. Nchi inayompa mpinzani wa kampuni nafasi ya kusikilizwa mahakamani na vipimo vyake mkononi ina haki ya kuaminiwa inaposema imeridhika.

Kuna ushahidi mwingine, na huu uko Afrika. Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, wapimaji waligundua kwamba urani iliyotoka mgodi wa Oklo nchini Gabon ilikuwa na upungufu. Urani-235, ile inayopasuka ndani ya vinu, siku zote ni asilimia 0.7202 ya urani yote, iwe imechimbwa Kanada au Kongo. Hii ilikuwa 0.7171. Tofauti ndogo hivyo ilizua taharuki, maana ingeweza kumaanisha wizi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita, wakati urani-235 ilikuwa bado kama asilimia 3, madini ya Oklo yalikuwa mengi kiasi, na maji yalipopenya yakapunguza mwendo wa nyutroni, vinu vya asili vikajiwasha vyenyewe ardhini na kuendelea kufanya kazi, kwa vipindi, kwa mamia ya maelfu ya miaka. Viliacha taka zilezile tunazozalisha sisi. Gesi zilitoroka, na sesiamu nyingi ilisafiri. Lakini plutoniamu ilibaki pale ilipozaliwa mpaka ikageuka yote, pasipo mtungi wa shaba, pasipo zege, katika nchi ya mvua nyingi. Kila ninapofundisha habari za Oklo nawaambia wanafunzi wangu kwamba jaribio refu kuliko yote ya fani hii lilifanyika katika bara letu, na majibu yake yamo kwenye mawe.

Hata hivyo, mwamba mzuri haumwokoi mtu mzembe. Ujerumani walichukua mgodi mkongwe wa chumvi uitwao Asse, na kati ya 1967 na 1978 wakarundika humo mapipa yapatayo 126,000. Mgodi ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya chumvi, kuta zake zimechoka, na maji yakaanza kuingia. Mwaka 2013 bunge lao lilipitisha sheria kwamba mapipa yatolewe yote, kazi itakayochukua miongo na mabilioni ya euro. Marekani nao wana ghala lao la WIPP huko New Mexico, mita 655 chini, ndani ya chumvi ambayo haikuwa na kasoro. Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo, kwa sababu walioifungasha taka walitumia unga wa kunyonyea unyevu uliotokana na mimea badala ya ule wa udongo, ukaingiliana na chumvi za naitreti na kupata moto. Ghala likafungwa karibu miaka mitatu. Kosa lilifanyika juu ya ardhi, mezani, katika karatasi ya maelekezo.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Goiânia, Brazil, 1987. Kliniki binafsi ya tiba ya mionzi ilikuwa imehama na kuiacha mashine yake ya sesiamu katika jengo lililobaki gofu. Septemba 13 vijana wawili waliingia kutafuta vyuma chakavu, wakakitoa kichwa cha mashine, kizito kwa sababu ya risasi inayozuia mionzi, na risasi ina bei. Kikauzwa kwa mwenye yadi ya vyuma. Usiku mwenye yadi akaona ndani yake mwanga wa buluu. Akaupenda. Akawagawia ndugu na marafiki punje za unga uliokuwa uking'aa humo, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula chake akiwa na unga huo mikononi. Watu wakaanza kutapika na kuharisha, na hospitali zikadhani ni ugonjwa wa kawaida. Aliyegundua uhusiano alikuwa mke wa mwenye yadi. Septemba 28 alikichukua kile kifaa, kikatiwa ndani ya mfuko, akapanda nacho basi mpaka ofisi ya afya. Mama huyo aliokoa watu wasiohesabika, naye alikuwa miongoni mwa 4 waliofariki. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, nyumba zikabomolewa, na taka zilizozolewa zikafikia mita za ujazo 3,500 hivi. Unga wote uliosababisha hayo haukutimia gramu 100.

Haikuishia Brazil. Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, kobalti ya hospitali iliingia yadi ya vyuma chakavu na watu 3 wakafa. Delhi mwaka 2010, mmoja. Kisa ni kilekile kila mahali: kifaa kimezeeka, mwenyewe kahama au kafilisika, aliyekuwa akijua kilichomo kastaafu.

Sasa nyumbani. Vyanzo vya mionzi tunavyo, na tunavihitaji. Kobalti imewatibu wagonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa miaka mingi kabla ya mashine za kisasa za umeme kufika. Wakandarasi wa barabara wana vile vifaa vya kupima mshindilio wa udongo, ambavyo kwa kawaida vina sesiamu na amerisiamu ndani yake. Mmekwishaviona vikiwekwa ardhini kando ya katapila. Viwanda vinavyotaka kujua kinywaji au saruji imefika kiwango gani ndani ya chombo kilichofungwa hutumia vyanzo vya namna hiyo. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ina ghala kuu la taka za mionzi Arusha. Kenya ina kituo chake Oloolua, karibu na Ngong. Hizo ni hatua za kweli na waliozisimamia wanastahili shukrani. Lakini ghala ni mahali pa kungojea, na vitu vingine haviwezi kungojwa. Amerisiamu-241 ina nusu-uhai wa miaka 432, na rediamu-226 miaka 1,600.

Nchi isiyo na vinu haiwezi kuchimba Onkalo kwa ajili ya vyanzo vichache. Njia inayotufaa ni kisima chembamba. Wazo hilo lilikuzwa Afrika Kusini, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomu limelisimamia, huku Ghana na Malaysia zikitangulia katika maandalizi. Chanzo hutiwa ndani ya kapsuli ya chuma kisichoshika kutu, kapsuli huzungukwa na saruji ndani ya chombo kingine cha chuma hicho hicho, na chombo hushushwa kwenye kisima kilichochimbwa kwa mashine kama zile zinazotuchimbia visima vya maji, makumi ya mita kwenda chini. Upana wa kisima ni kama futi moja tu, na kikishazibwa hakuna anayeweza kukifukua kwa jembe. Jiolojia ya kuchagua mahali, mbali na maji wanayokunywa watu na mbali na nyufa za Bonde la Ufa, tunao vijana waliosomea.

Kinachotupungukia ni nidhamu ya siku ya kununua. Hospitali au kampuni inapoagiza chanzo chenye nguvu, mkataba useme kwamba muuzaji atakirudisha kwao kikichoka, na fedha za kukirudisha ziwekwe pembeni siku hiyo hiyo, katika akaunti ambayo mfilisi hawezi kuigusa. Namba ya chanzo iandikwe daftarini, mkaguzi akione kwa macho kila mwaka, na kikikosekana polisi wajue kabla jua halijazama. Na wenye yadi za vyuma chakavu wafundishwe alama. Ile ya zamani ya mapanga matatu kwenye manjano, watu wengi waliihisi kuwa ni feni; kwa hiyo mwaka 2007 ikaongezwa alama nyekundu ya pembetatu yenye miale, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Huwekwa ndani ya kifaa, mahali ambapo anayekibomoa ataiona kabla hajafika kwenye chanzo. Ukiikuta, acha bisibisi chini, ondoka, piga simu.

Ninayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mipango mikubwa inakuja. Namtumbo, Tanzania, kuna urani. Ikichimbwa na kuchujwa, mchanga unaobaki huhifadhi karibu asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye mawe, maana rediamu na thoriamu hubaki humo. Mchanga huo utahitaji bwawa lililojengwa sawasawa na kufunikwa sawasawa, muda mrefu baada ya mwekezaji kuondoka. Kenya imekuwa ikipanga kinu cha umeme, na mwaka 2024 wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukikataa. Uganda inakusudia kujenga chake Buyende. Sipingi umeme wa nyuklia. Nasema tu kwamba Finland ilianza kwa kupanga ratiba ya kaburi mwaka 1983, ikachunguza maeneo manne, na sheria ikaipa halmashauri ya mahali haki ya kukataa kabisa. Januari 2000 madiwani wa Eurajoki walipiga kura, 20 wakakubali na 7 wakakataa. Tangu 1988 wenye vinu wanachangia mfuko wa serikali wa taka za nyuklia, ambao sasa una zaidi ya euro bilioni 2. Fedha zilitangulia, ridhaa ikafuata, shimo likaja mwisho. Mwananchi wa Uyombo anayeuliza fueli iliyochoka itawekwa wapi na kwa fedha za nani anauliza swali lilelile walilouliza madiwani wa Eurajoki, na anastahili kujibiwa kwa maandishi kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Ndugu mwenyekiti, naomba tufungue maswali. Nimeambiwa humu ndani wapo mafundi wa eksirei, na wapo wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Kama mtaniridhia, waanze wao.